Benchi la Bata wa Kupapaswa

Jua bado halijapanda ukuta wa ua, na Mama Vigae amekwisha chota ndoo ya pili. Anainama juu ya kitu kilichofunikwa magunia, anamwaga maji polepole kwa kopo, na kwa mkono mwingine analikandamiza gunia lilowe mpaka chini. Ukimtazama kwa mbali utadhani anaogesha mtoto mchanga.

Chini ya magunia hayo kuna benchi la zege la kukaa watu watatu, lenye mikono miwili mipana ya kuegemea. Leo mwenye benchi anakuja kulijaribu kwa mara ya pili. Mara ya kwanza lilimshinda.

"Watu hudhani zege linaanikwa likauke," anasema fundi huyu. "Hapana. Linakomaa kwa kunywa maji. Ukilinyima, linapasuka."

"Alijifunza kwa aibu," anadakia wifi yake, aliyeketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akipasua sahani kuukuu kwa nyundo ndani ya mfuko. "Meza yake ya kwanza aliitoa juani kama anayeanika shuka. Jioni ina mistari kama kiganja."

"Hayo hayajaulizwa, wifi."

"Ndiyo maana nimeyasema."

Ua wao ni mdogo, lakini macho hayamalizi kuutembelea. Kuna beseni la kuogea ndege, buluu tupu ndani. Kuna konokono wa zege mwenye ukubwa wa mbuzi, macho yake ni vifuniko vya birika. Kwenye chungu kimoja cha maua kilichokwisha kuagizwa, kuku ametaga na analalia. Mteja ameombwa asubiri mayai yaanguliwe, naye amekubali.

Mama Vigae alianza kama mfagiaji katika duka la vigae vya sakafu. Vilivyovunjika vilikuwa vikitupwa, akaomba avichukue. Baada ya muda akaona mtunza ghala amemtengea masanduku, kila rangi na lake, bila kuombwa. Zege alifundishwa na baba mkwe wake, aliyekuwa mwashi.

"Hakuniambia hii ni kazi ya wanaume," anakumbuka. "Aliniambia nifunge kilemba vizuri, kisije kikaingia kwenye zege."

Mwezi mzuri huuza mabenchi mawili na vyungu kadhaa. Msimu wa mvua huenda asiuze hata kimoja, na hapo nyumba husimama kwa mshahara wa mumewe, mlinzi wa shule.

Benchi la leo ni la jirani yao, mshonaji mstaafu ambaye mtaa mzima humwita Bi Pindo. Jina hilo alilipata kwa sare za shule. Alikuwa akiacha pindo refu kwa ndani, bila kuambiwa, ili mtoto akirefuka mzazi afumue tu na kushusha.

"Watoto wangu watatu walikua ndani ya sare zake," anasema Mama Vigae.

Miaka miwili iliyopita, presha ya macho ilimpofusha mshonaji huyo. Tangu hapo Bi Pindo hatoki chumbani. Husema kukaa nje ni kwa wanaoona. Binti yake ndiye aliyekuja na sanduku la vyombo vya mama yake vilivyovunjika, akaomba benchi lenye bata na vifaranga, kama wale aliokuwa akiwafuga. Alitumaini kwamba mama, akijua kuna vitu vyake nje, atatoka.

Mama Vigae alilifanya kama anavyofanya yote. Vipande huvigandisha kwenye karatasi kwa gundi ya unga, uso ukitazama chini. Kisha karatasi yote huigeuza juu ya saruji mbichi, na vipande vikishika, huilowesha na kuibandua. Picha hutoka kinyume, kwa hiyo bata wa kwenda kulia lazima achorwe akienda kushoto. Faida yake ni kwamba uso wote huwa sawa. Huo ndio ufundi anaosifiwa: hata kitambaa cha hariri hakikwami.

Bi Pindo aliletwa, akapitisha kiganja mwanzo hadi mwisho.

"Limenyooka," alisema. "Na bata wako wapi?"

"Hapo hapo, mama, umewashika," binti alimjibu.

"Nimeshika ubaridi."

Alishukuru kwa adabu, akaomba arudishwe chumbani.

"Wiki nzima sikuwa na raha," anasema Mama Vigae. "Nilikuwa nimemtengenezea benchi mtu mwenye macho. Miaka yote nasifiwa ulaini, kumbe kwake ni ukuta mtupu."

Mgongo wa benchi aliuacha ulivyo, maana hakuna anayetaka kuegemea mdomo wa bata. Lakini mikono miwili aliibandua vipande vyote kwa patasi, akaanza upya. Safari hii bata waliinuka kutoka kwenye saruji kama nusu ya mkate, wamevishwa vipande vya sahani vilivyolaliana kama manyoya. Kila ukingo aliusugua juu ya jiwe la kunolea, ndani ya maji, usije ukamkata mtu.

Mpimaji alikuwa wifi, macho yamefungwa kwa kitambaa chake mwenyewe. Bata wa kwanza alisema ni kiatu. Wa pili akasema ni kiatu kilichovimba. Mama Vigae akabomoa tena, akainua shingo, na wa tatu akapita.

Sasa magunia yanaondolewa. Bi Pindo anaingia ameshikwa mkono na binti yake, gauni limepigwa pasi, uso umekunjwa.

"Karibu, mama. Umekuja," anasema Mama Vigae.

"Sikuja. Nimeletwa."

Wanamkalisha. Kiganja cha kulia kinatua juu ya mkono wa benchi, kinasimama. Kinarudi mkiani, kinapanda mgongo, kinafuata shingo hadi mdomo. Wifi ameacha kupasua sahani.

"Huyu ana kiburi," anasema Bi Pindo. "Ni yule mweupe aliyekuwa akiwafukuza wageni wangu."

"Na mimi alinifukuza," anasema wifi. "Nikaacha kandambili."

Mkono wa kushoto nao unatafuta upande wake. Unakuta vifaranga wanne, mmoja nyuma ya mwingine. Bi Pindo anakunja kipaji.

"Mama yuko huku, watoto wako kule. Nani kawatenganisha?"

Mama Vigae anamtazama wifi yake, kisha anatazama chini.

"Nafasi haikutosha, mama," anasema. "Wewe ukae katikati, uwachunge."

Viganja viwili vya Bi Pindo vimetulia, kimoja juu ya mama, kimoja juu ya watoto.

"Basi msiliweke nyuma ya nyumba," anasema. "Liwekeni mbele, karibu na njia. Nikae nisikie nani anapita bila kusalimia."

Binti yake anaanza kukunja magunia, ingawa yana maji tele na bado yanahitajika. Mama Vigae anayapokea taratibu, anayarudisha mahali pake. Benchi litaendelea kunywa mpaka Jumamosi, ambapo majirani sita wameahidi kulibeba.

Baada ya hapo, fundi anataka kujaribu meza ndogo ya kuwekea kikombe, yenye ukingo ulioinuka, ili mkono usiokiona kikombe usikiangushe. Akifaulu, ana matumaini ya kuwatengenezea na wengine. Binti amekwisha mtajia wawili aliowakuta kliniki ya macho.

Bi Pindo anaomba apimiwe kwanza yeye. Kisha anabadili mawazo, ananyoosha shubiri yake hewani na kuipima meza mwenyewe.

"Urefu huu," anasema. "Na iwe ya vikombe viwili. Sitakaa pale nje peke yangu."