Mguu Wangu na Herufi ya Tairi

Karibuni jamani, na mliokaa karibu na jiko mvumilie moshi. Pilau imeshaiva, harufu mnaisikia, lakini haipakuliwi mpaka niseme lililonifanya niwaite. Niliweka nadhiri, na leo naitimiza. Mie Mama Swaumu, fundi cherehani wa hapa hapa Chanika, nimesimama mbele yenu kwa miguu miwili. Alhamdulillah. Acheni nirudie, maana ni tamu: kwa miguu miwili.

Mnanijua nilivyokuwaga. Cherehani yangu ni ya kukanyaga. Umeme ukatike usikatike, mie nashona. Na kwenye shughuli, ngoma ikilia, sikai. Baba Swaumu alikuwa akinitania, "Mke wangu, wewe kiti unakikodi bure." Miguu yangu ilikuwa ndiyo riziki yangu na ndiyo raha yangu.

Barabara yetu nayo mnaijua. Masika matope, kiangazi mashimo. Gari yetu ya familia ilikuwa inakwaruza tumbo kila siku. Tairi zilipoisha, mume wangu akaenda mjini kutafuta za mtumba. Sasa sie huku wote tunachagua tairi namna moja: unaipiga teke, unaingiza kidole gumba kwenye kashata, ile mifereji ya tairi, kidole kikizama unatabasamu. Akarudi na tairi nene, ngumu, zimeinua gari mpaka mie kupanda nikawa nashika mlango. Muuzaji alimwambia, "Mzee, hizi utazikwa uziache." Majirani mkaja mkazipiga teke, mkazisifu. Na kwa kweli, kwenda sokoni na kurudi, hazikuwa na neno.

Tukapata harusi Tanga, mtoto wa dada yangu anaolewa. Shela nililishona mie mwenyewe, nikalilaza miguuni pangu kwenye mfuko ili lisikunjike. Tulikuwa watatu: Baba Swaumu anaendesha, mie pembeni yake, binti yetu Swaumu nyuma. Foleni ya kutoka mjini ikatuchelewesha. Tulipopita Chalinze barabara ikafunguka, jua limesimama utosini, lami inawaka. Baba Swaumu akakanyaga mafuta.

"Baba Swaumu, taratibu," nikamwambia.

"Ndoa inafungwa baada ya Adhuhuri, haitungoji. Na tairi si unazijua? Chuma hizi!"

Mshale ukapita mia na ishirini, ukaendelea. Nikaanza kusikia mtetemo chini ya kiti, kama cherehani inayoruka uzi. Nikafungua mdomo nimwambie. Sikuwahi. Tairi la nyuma kushoto likalia paa! Gari ikayumba huku, ikayumba kule, ikaingia mtaroni, ikalala upande wangu.

Swaumu alikuwa kafunga mkanda, akatoka na michubuko. Baba yake alichanika paji la uso. Mie mlango ulijikunja ukanibana mguu wa kushoto. Nilipotazama chini nikaona kitu cheupe kimetokeza chini ya goti. Nikadhani ni shela. Kumbe ni mfupa wangu.

Watu wa kijiji cha jirani walinitoa kwa nondo na mikono. Mama mmoja nisiyemjua alivua kanga yake akanifunga mguu, akawa ananiambia, "Nitazame mie, dada, usitazame huko." Mungu amlipe popote alipo. Nikapelekwa hospitali ya karibu, kisha nikaletwa huku Dar.

Daktari wangu alikuwa binti tu, umri wa mdogo wangu wa mwisho, lakini hakubabaika. "Mama, mfupa umevunjika na uchafu umeingia. Tutasafisha, tutakufunga vyuma kwa nje." Vyuma vikapita kwenye ngozi mpaka mfupani. Mguu ukawa kama dirisha la nondo.

Ningependa kuwaambia nikapona hapo. Wapi! Kidonda kikaanza kutoa usaha wa kijani. Harufu yake, jamani, wageni wakija naona haya, najifunika mpaka kidevuni. Homa ikipanda meno yanagongana. Daktari akaja akakaa kitandani kwangu, nikajua hapa pana neno.

"Sitaki kukudanganya, mama. Tutaingia tena kusafisha. Nikikuta nyama iliyokufa imepanda juu zaidi, tutakata chini ya goti ili tukuokoe wewe."

Nikalia kama mtoto. "Mwanangu, mie fundi cherehani. Mie mchezaji ngoma."

"Najua, mama. Ndiyo maana nataka nijaribu tena kwanza."

Siku hiyo hiyo mume wangu akaja, akakaa, hanitazami usoni. Alikuwa ametoka kituoni, kwa trafiki aliyekagua gari. Yule dada trafiki alimwinamisha kwenye tairi la upande wa pili, lile lililobaki zima, akamwonyesha ubavuni: zile namba za saizi, halafu namba nyingine, halafu herufi moja ya mwisho. Herufi ilikuwa L. Akamwambia L mwisho wake ni kilomita mia na ishirini kwa saa, na hizo ni tairi za vigari vya mzigo, vinavyokwenda polepole. Unene wake ni wa kubeba, si wa kukimbia. Ukiikimbiza juani inashika joto ndani, inapikika, inaachia.

"Mama Swaumu," akasema, "mie ndiye niliyekuvunja."

Hasira zilinipanda, sikatai. Nilitamani nimtupie kikombe. Lakini nikamwangalia alivyokonda, nyuzi bado ziko kwenye paji la uso, nikakumbuka alizinunua zile tairi ili mie na mwanangu tusikwame matopeni. Mapenzi alikuwa nayo, elimu ya tairi hakuwa nayo. Nikamwambia, "Ukimaliza kulia, nenda kaniletee uji. Mguu ukikatwa utanibeba, na mie ni mzito." Akacheka huku machozi yanamtoka. Na mie nikacheka, mguu ukauma.

Waliponisukuma kwenda chumba cha upasuaji ndipo nilipoweka nadhiri. Nikasema, Ya Rabi, niachie mguu huu. Nikisimama, nitawaita majirani niwapikie, na kabla hawajatia tonge mdomoni nitawaambia habari ya hii herufi.

Nilipozinduka sikuthubutu kutazama. Swaumu alikuwa pembeni. Nikamwambia, "Mwanangu, funua shuka unitazamie." Akafunua. Akainama, akaanza kuhesabu kwa kidole. Roho ikanitoka.

"Vipo, mama," akasema. "Vidole vyote vipo. Hata hina ya harusi bado ipo kwenye kucha."

Jamani! Nililia mpaka nesi akaja mbio akidhani nazidiwa.

Baada ya hapo mambo yakaenda mbele. Nyama ikaanza kuota nyekundu, daktari akaitazama akatabasamu kama kaona mwezi wa Idi. Wakachuna ngozi pajani wakaiweka kwenye kidonda, na pale pajani paliwasha kuliko hata mfupa. Vyuma vikatoka. Magongo yakaja. Mazoezi nayalaani, nayafanya. Mguu umefupika kidogo, nachechemea, na baridi ikija unanikumbusha. Lakini juzi nimekaa kwenye cherehani, nikakanyaga, gurudumu likazunguka. Nilishona kipande cha kitambaa kisichokuwa cha mtu yeyote, nishone tu.

Nawashukuru nyie. Mlimpikia Swaumu, mlinifulia, mliniletea madafu hata nilipokuwa sina hamu. Namshukuru daktari wangu, na yule mama wa kanga. Na namshukuru Baba Swaumu, aliyenisafishia kidonda nyumbani bila kukunja uso.

Sasa nasaha yangu. Tairi la mtumba ama jipya, usiishie kwenye teke na kidole gumba. Soma ubavuni. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva mara nyingi kuna kibandiko cha saizi. Kisipokuwa na herufi, tafuta kwenye kitabu cha gari, au uliza mwenye kujua gari la aina yako linataka herufi gani, wala usishuke chini ya hapo. Letu linataka S, yaani mia na themanini, na sasa ndizo zimefungwa. Na herufi hiyo si ruhusa ya kukimbia, jamani. Ni uwezo wa tairi likiwa zima, lina upepo wa kutosha, halijazeeka. Ngumu si lazima iwe salama.

Nimeona magari manne hapo nje, na bajaji ya shemeji. Pilau inabaki kwenye moto kidogo, haitakimbia. Tunatoka wote, kila mwenye gari ainame asome herufi yake kwa sauti, nisikie. Mie natangulia. Gongo liacheni hapo ukutani.

Mbona mmekaa? Mie mwenye mguu wa viraka nimeshafika mlangoni, nyie wenye mizima mnasubiri nini?