Pombe Aliyonunua Mama

Sebule yetu ilinukia mchanga mbichi. Si ile harufu ya mvua inapogusa vumbi, maana hiyo hupita. Hii ilikaa, imechanganyika na harufu ya gunia la katani lililoloa na ya bia iliyomwagika siku moja ikakaukia sakafuni. Ilitoka kwenye nusu pipa lililowekwa pembeni, mahali ambapo jua la dirishani halikufika. Mama alilijaza mchanga wa mtoni, akaulowesha, akazika chupa za bia mpaka shingoni, kisha akazifunika gunia. Umeme ulikuwa haujafika kwetu, na baba hakupenda bia ya moto. Asubuhi kabla sijaenda shule, na mchana nikirudi, nilimkuta mama akichota maji kwa kata kutoka kwenye ndoo aliyoibeba kichwani toka bondeni, akiyamwaga taratibu juu ya gunia kama mtu anayemwagilia mche wa mchungwa. Mama yangu hakuwahi kuonja pombe maishani mwake. Kanisa letu lilikataza hata kuishika, naye alikuwa mwanakwaya, mmoja wa wale wanaosimama mstari wa mbele.

Tuliishi kijijini, upande wa kutoka Kahama kwenda Geita, ambako watu walichimba dhahabu kwa sululu na nyundo. Baba alikuwa na sehemu yake katika duara moja, yaani shimo la kushuka kwa kamba, pamoja na rafiki yake Shija. Walikuja huku wakiwa vijana kutoka Kishapu, wakaacha pamba na ng'ombe wa baba zao. Jioni wakipanda kutoka chini hawakurudi nyumbani moja kwa moja. Walipitia kwenye vibanda vya turubai vya machimboni, wakanywa na kila mtu aliyejua kwamba wamepata mawe mazuri, kisha wakarudi kwa miguu kwenye njia inayopita kati ya mashamba ya mpunga. Asubuhi moja wanawake waliokwenda kuchota maji walimkuta Shija amelala kifudifudi kando ya njia hiyo, mifuko ya suruali yake imevutwa nje. Walidhani amelewa. Mama alikuwa miongoni mwao, na yeye ndiye aliyemgeuza.

Hakutusimulia alichokiona usoni kwa Shija. Nilichojua ni kwamba tangu siku hiyo mama alitaka jambo moja tu duniani, baba asiokotwe njiani. Baba mwenyewe alilia sana msibani, na baada ya matanga akarudi kwenye vibanda vilevile kwa njia ileile. Mama alimwomba aache pombe, akakataa. Alimwomba awahi kurudi, akaahidi na hakuwahi. Mwishowe, tukiwa tunakula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na maziwa siku ya Jumapili, mama alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayezungumzia kuni.

"Baba Kabula, ukitaka kunywa, kunywa. Ila unywee hapa."

Kabula ni mimi, mtoto wao wa kwanza. Baba alinitazama, akamtazama mama, akacheka.

"Hapa kuna nini cha kunywa? Uji?"

"Utakikuta."

Mama alikuwa akiwapikia wachimbaji wali na maharage, kwa hiyo alikuwa na chake kidogo. Shule zilipofungwa alinichukua, tukapanda basi kwenda Kahama kwenye duka la jumla la vinywaji. Alivaa kitenge cha kwaya kwa sababu ndicho kilikuwa kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo. Vijana wapakizi walipoona maandishi ya sifa kwa Bwana mgongoni mwake, na kumsikia akiulizia makreti ya bia, waliacha kazi.

"Shikamoo mama mchungaji! Leo kwaya inaimba wimbo gani?"

"Marahaba. Fungeni vizuri, barabara ni mbaya."

"Na hii ya chupa kubwa, kali hii, ni ya ubatizo?"

"Ni ya mume wangu. Kama kuna anayoipenda zaidi mwanaume aliyetoka kazini, niambie."

Yule aliyeuliza akaacha kucheka. Alimchagulia yeye mwenyewe, chupa moja baada ya nyingine, akimweleza ipi hunywewa na maji na ipi hunywewa kavu, na mama akawa anarudia majina chini chini kama mtoto anayekariri. Njia nzima ya kurudi alishika kreti la juu kwa mikono miwili ili chupa zisigongane, kwa sababu ndani ya basi kulikuwa na watu wa kanisani.

Fundi seremala alitutengenezea kaunta ya mbao za mninga na rafu tatu nyuma yake. Mama hakuwahi kuingia baa, hivyo alimuuliza kila rafiki wa baba aliyepita pale, baa huwa na nini. Mmoja akasema muziki, mama akanunua redio. Mwingine akasema nyama ya kuchoma, akanunua jiko la pili. Wa tatu, mtani wa baba, akasema, "Baa bila wahudumu waliojipamba ni zahanati, shemeji," na wote wakaangua kicheko. Siku iliyofuata, ilipofika saa ya baba kurudi, alioga mapema, akajipaka mafuta, akavaa kile kitenge chake na kusimama nyuma ya kaunta. Nilikuwa sijawahi kumwona amevaa nguo nzuri siku ambayo si Jumapili. Baba alisimama mlangoni na tope lake la shimoni mwilini, akajifuta mikono kwenye suruali kabla ya kuingia.

Nikisema kwamba miezi ile ya kwanza ilikuwa mibaya nitakuwa mwongo. Ilikuwa mizuri. Baba alikuwa nyumbani. Marafiki zake walikuja, wakamtania kwa jina la wanaume wa Kisukuma, "Ngosha, umeoa baa," naye akajibu, "Nimeoa mwenye baa, nyie mmeoa wateja." Mdogo wangu Mabula alijifunza kusimama kwa kushika magoti ya baba, na baba alimpigia makofi kila alipodondoka. Mama alifuta chupa moja moja na kuzipanga kwa urefu, na ikipungua moja, alijaza nafasi yake kabla baba hajaiona. Aliogopa kwamba siku baba atakapokuta rafu ina pengo, atavaa viatu arudi vibandani.

Wazee wa kanisa walikuja watatu, pamoja na kiongozi wa kwaya. Waliketi wakiipa kaunta mgongo. Mzee mmoja, mtu mpole ambaye alinifundisha kusoma Biblia, alisema wamesikia habari nao wameona aibu kuziamini, na sasa wameona kwa macho. Alimwambia mama kwamba mtu akitaka kujichoma, mkewe hamletei kuni.

"Mlimzika Shija vizuri sana," mama alisema. "Mliimba, mkaomba, mkatuchangia. Sina lawama. Ila mimi wangu simtoi bado."

"Mayu," mzee akasema, akimwita mama kwa lugha ya nyumbani, "unamlinda na barabara. Na hii iliyomo humu ndani utamlinda nayo vipi?"

Mama aliwakaribisha chai. Hawakunywa. Jumapili iliyofuata alivua kitenge cha kwaya, akakikunja, akanipa nikipeleke kwa kiongozi wa kwaya, akaenda kukaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, wanapokaa wenye watoto wachanga.

Swali la yule mzee lilikuwa la kweli, na lilijibiwa taratibu. Kwenye vibanda vya machimboni pombe ilikuwa na mwisho. Mwenye kibanda alichoka, au wanywaji waligombana, au baba mwenyewe alikumbuka kwamba ana njia ndefu mbele yake. Kwetu hapakuwa na njia. Kutoka kwenye kiti chake mpaka kitandani ilikuwa hatua chache, na mama alikuwa tayari kumshika mkono. Marafiki walipungua, maana mtu hawezi kupiga kelele vizuri mbele ya watoto wa mwenzake. Baba akabaki na redio. Kwanza alianza kunywa kabla ya chakula, kisha badala ya chakula, kisha akawa anaamka anatetemeka na mahali pa kwanza mkono wake ulipofika palikuwa kwenye gunia lile lililoloa. Shimoni alikwenda siku moja moja, baadaye akamwachia mtu mwingine sehemu yake. Macho yake yakawa ya njano. Tumbo likajaa, miguu ikakonda, akawa na umbo la mtu aliyebeba kitu cha mwingine.

Tabibu wa zahanati alimwambia mama asimpe hata tone. Mama alifungia chupa zote stoo, akajifunga ufunguo kwenye pindo la khanga. Siku ya pili baba alikuwa anapangusa siafu ukutani, na siafu hawakuwepo. Siku ya tatu alianguka, akakakamaa, akang'ata ulimi. Mama alisimama katikati ya sebule, ufunguo mkononi, akimtazama mumewe na kuutazama mlango wa stoo, na mimi nilikuwa nimemziba Mabula macho asione. Akafungua. Alimnywesha kwa kijiko, akilia, mpaka mwili ukatulia. Kesho yake tulimpeleka hospitali kubwa, wakamtoa maji tumboni, akarudi na dawa. Waliotuambia asiguse pombe tena na waliotuambia hatukupaswa kumkatisha ghafla vile walivaa makoti yaleyale meupe, na mama aliwaitikia wote.

Baba alifariki mchana, nyumbani kwake, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mama, baada ya kutapika damu. Hakuokotwa. Nilimsikia mama akilisema neno hilo mara nyingi siku ile, kwa kila aliyeingia kutoa pole, "Hakuokotwa," na watu hawakumwelewa. Bibi, mama yake baba, alifika kutoka Kishapu, akaenda moja kwa moja kwenye kaunta, akaigusa, akasema mbele ya wanawake wote, "Wengine huroga kwa siri. Wewe mkamwana ulipanga rafuni." Kanisa lilikuja, likamzika baba vizuri, kama lilivyomzika Shija.

Tangu hapo mama aliishi miaka mingi, akatusomesha mpaka darasa la saba kwa wali na maharage, na tangu mwaka jana hayupo. Katika ugonjwa wake nilimleta kwangu Kahama. Siku moja nilipokuwa nikimbadilisha shuka, aliniuliza, "Kabula, kama ningemwacha awe anakwenda kulekule, angeishi?" Nilijua watu wote walikuwa wameshamjibu. Bibi alimjibu, wazee walimjibu, na waliompenda walimwambia ulifanya ulichoweza. Nilifikiria watoto wa Shija, ambao hawakumbuki sauti ya baba yao, na sisi tunaoikumbuka. Nilifikiria pia ile miguu iliyokonda. Nikamwambia, "Sijui, mama." Akasema, "Wabeja, mwanangu," yaani asante, akaniachia mkono nimalize kutandika.

Siku hizi mji wetu umejaa nyumba mpya za watu wa madini, na hakuna fundi anayejenga sebule bila kuulizwa habari za kaunta, yenye taa za rangi na friji yake ndogo. Wanazijaza kwa furaha na kuzipiga picha. Hakuna anayehitaji kuvua kitenge cha kwaya kwa ajili yake. Barabara nazo zina lami na taa, ingawa asubuhi bado kuna wanaookotwa. Mume wangu ni dereva wa malori ya bandari kavu ya Isaka, mtu mwema, na hunywa na wenzake kila anaporudi safari. Mwezi uliopita alileta fundi, wakapima ukuta wa sebuleni kwa utepe, kisha akaniita niseme kama napenda kaunta iwe ya mninga au ya mbao nyepesi. Fundi alinisubiri na penseli yake sikioni. Mume wangu alinisubiri. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni kwangu mwenyewe, mtu mzima, na sikuweza kusema ndiyo, na sikuweza kusema hapana.