Mwizi wa Benki Niliyemsikia Ukutani

Filamu yenyewe sijaiona mpaka leo. Niliisikia tu, mgongo wangu ukiwa umeegemea ukuta wa matete na birika likichemka mbele yangu, lakini nisikilizeni mimi kabla ya hao waliolipa kuingia. Wao walikuwa wanatazama. Mimi nilikuwa nasikia.

Kibanda cha video kilikuwa mtaa wa Hai Mauna, Juba, katikati ya fundi wa kuchomelea vyuma na duka la vipuri vya pikipiki. Nje kulikuwa na jenereta, ndani mabenchi, juu turubai. Mimi niliuza chai ubavuni mwa kibanda, na wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alikaa kando yangu akikaanga ligimati, vile vimandazi vya mviringo vinavyopendwa Juba. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya amani, watu wakirudi kutoka kila upande. Sisi tuliotoka Kitale tuliitwa Wakenya, waliotoka Kampala wakaitwa Waganda, na wale kama wifi yangu, waliokaa Juba vita vyote, walituangalia wote kama wageni waliokuja na masanduku bila kualikwa. Lakini chai yangu walikunywa.

Sasa niseme habari ya mume wangu, maana bila yeye hamtaelewa kitu. Aliniacha Kitale akavuka mpaka kwenda kupigana. Mara ya mwisho kusikia habari zake, mtu mmoja alisema alimwona akivuka mto na wenzake katika mvua. Baada ya hapo kimya. Hakuna aliyesema amekufa, hakuna aliyesema yu hai. Amani ilipokuja nikarudi Juba kwa wifi, mtaa unaoitwa Juba na Bari, kwa sababu kama angerudi angefikia kwa dada yake. Kila tuliposikia matishari kutoka kaskazini yametia nanga bandarini mtoni, tulikwenda wawili kuangalia watu wakishuka. Nilitazama miguu kwanza. Mguu wake wa kushoto uliangalia pembeni akitembea, nami niliamini nitaujua hata kabla ya uso. Nimetazama miguu ya watu jamani, mpaka nikachoka.

Kwetu mtu akifa panakaliwa bika, yaani matanga. Watu huja, hukaa chini, hunywa chai, humlilia marehemu pamoja na mfiwa. Mume wangu hakukaliwa matanga. Wifi alikataa katakata. “Ukimlilia mtu aliye hai, umemzika kwa mdomo wako,” aliniambia. Basi nikakaa hivyo, si mke si mjane, nachemsha chai.

Ndani ya kibanda kulikuwa na Muganda. Si Muganda hasa, ni mtu wa kwetu aliyekulia Kampala, lakini jina likamganda. Kazi yake ilikuwa kutafsiri filamu. Alisimama kando ya televisheni na kipaza sauti, na kila mzungu alipofungua mdomo, yeye ndiye aliyesema: mara sauti ya mzee, mara ya mtoto, mara ya msichana, Kiswahili akikichanganya na Kiarabu cha Juba. Kabla ya kila onyesho alikuja kunywa chai yenye tangawizi nyingi, maana koo ndilo lililokuwa jembe lake.

“Mama, mimi iko naomba chai,” alisema siku ya kwanza.

“Iko? Kwani wewe ni kiti?”

Akatazama kigoda nilichokalia, akacheka. “Kiti iko na raha, mama. Iko karibu na wewe kila siku.”

Loh! Nilimmiminia chai mpaka ikamwagika. Wifi akageuza ligimati zake kwa kishindo, na mafuta yakaruka.

Filamu ile ya mwizi ililetwa kutoka Arua, na watu waliipenda wakataka irudiwe kila Jumapili mchana baada ya kanisa. Nitawasimulia kama nilivyosikia. Kuna mwizi mmoja, kijana mpole, anaingia benki na soksi ya sufu usoni ili awaibie. Anafika dirishani, anamwona msichana anayehudumia, maneno yote yanamtoka kichwani. Badala ya kusema lete pesa, anasema nataka kufungua akaunti. Na soksi bado iko usoni! Tangu hapo akawa mateka. Akawa anaiba benki nyingine zote za mji ule, kisha anakuja kuweka pesa kwenye dirisha la yule msichana, apate tu kuulizwa habari ya asubuhi. Polisi wanakuna vichwa. Mji mzima unaibiwa, benki moja inanenepa.

Nilicheka nyuma ya ukuta mpaka nikalazimika kuziba mdomo kwa kanga. Sikuwa nimecheka hivyo tangu Kitale.

Jumapili ya pili au ya tatu, wateja wakaanza kutoka kibandani wakiniangalia kwa macho ya wizi. Mpanda bodaboda mmoja akaniambia, “Mama, kumbe wewe uko ndani ya filamu?” Sikumwelewa. Nikasogeza kigoda, nikatega sikio vizuri. Msichana wa benki alikuwa anamfokea mteja: “Sukari ni hiyo hiyo! Ukitaka zaidi, kanunue miwa!”

Ala! Hayo ni maneno yangu. Hayo ni maneno niliyomwambia fundi wa kuchomelea juzi yake tu. Nikasikiliza tena. Msichana wa kizungu, ndani ya benki ya kizungu, anasema hana chenji na asisumbuliwe asubuhi. Msichana anasema mstahimilivu hula mbivu, na mwizi anamjibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Watu wanavunjika mbavu. Nikachukua upawa nikaupiga ukuta mara tatu, matete yakatoa vumbi. “Wewe Muganda! Ushike adabu!”

Msichana wa benki akasema, kwa ile sauti nyembamba ya Muganda, “Samahani, kuna mtu anagonga.” Kibanda kizima kikalipuka.

Alipotoka nilikuwa nimeshika kiuno. Nikamwuliza huyo msichana kweli anafananaje. Akasema ana kitambaa cha njano kichwani. Mimi ndiye niliyekuwa na kitambaa cha njano kichwani. “Muongo mkubwa,” nikamwambia, huku nikimtilia tangawizi kabla hajaomba. Nilikuwa nimempenda, ndiyo hivyo. Mwanamke anayejua chai ya mtu kabla hajaagiza ameshapenda, hata kama anajidanganya kuwa ni biashara.

Wifi aliona. Wifi haoni vibaya. Jioni, tukiosha vyombo, alisema bila kunitazama, “Ndugu yangu akirudi, nitamwambia nini?” Swali langu lilikuwa hilo hilo. Kumkubali Muganda ilikuwa ni kusimama mbele ya watu na kusema mume wangu amekufa, mimi, kwa kinywa changu, neno ambalo hakuna mwingine aliyethubutu kulisema. Na kumkataa ilikuwa ni kurudi bandarini kutazama miguu mpaka nizeeke. Usiku nililala nikamwuliza mume wangu mwenyewe. Hakujibu, kama kawaida yake.

Jumapili iliyofuata kibanda kilijaa hadi mlangoni. Filamu ilifika karibu na mwisho, pale mwizi anapojua polisi wamemzunguka, na badala ya kukimbia anakwenda benki kuaga. Nilimsikia anavua soksi. Yaani, nilimsikia Muganda akisema, “Sasa anavua soksi.” Kisha mwizi akaanza kusema na msichana dirishani.

“Mimi iko mwizi,” akasema. “Lakini kitu yako sijaiba hata moja. Nimekuja kuomba.”

Watu wakacheka. Akaendelea. Akasema anajua msichana anamngoja mtu wake, na kwamba yeye hataki kumfukuza mtu yule, hata kumtukana hataki, kwa sababu kama mtu yule alipendwa hivi basi alikuwa mtu mzuri. Akasema anaweza kukaa nje ya mlango, mvua inyeshe, hana neno.

“Muganda!” mtu akapiga kelele ndani. “Mzungu amefunga mdomo zamani!”

“Na polisi wameshamfunga pingu!” mwingine akadakia. “Wewe bado unaongea tu!”

Hakujali. “Nauliza mara moja tu,” akasema, na hiyo haikuwa sauti ya mwizi tena, ilikuwa sauti yake ya chai. “Wewe nataka au hapana taka?”

Ikawa zamu ya msichana kujibu. Sisi wote tulingoja ile sauti nyembamba. Haikuja. Nilisikia filamu ikiendelea yenyewe kwa kizungu chake, na watu wakaanza kulalamika. “Tafsiri basi!”

“Hii siyo yangu,” akasema Muganda kwenye kipaza sauti. “Huyu atajibu mwenyewe.”

Mabenchi yakalia, watu wakageukia upande wa ukuta wangu. Hawakunisumbua. Wifi alikuwa ameshika kijiko juu ya mafuta, ananitazama, na machoni mwake sikuona hasira. Niliona woga, woga ule ule niliokuwa nao mimi. Kumbe tulikuwa tunaogopa kitu kimoja miaka yote, kila mtu kwenye kigoda chake.

Nikaweka mdomo kwenye matete.

“Mwambieni angoje,” nikasema. “Kwanza nimlilie mume wangu.”

Sikujua nimesema kwa nguvu kiasi gani. Wifi ndiye aliyenijulisha. Aliacha kijiko kikazama kwenye mafuta, akateremka kutoka kwenye kigoda akakaa chini, kwenye vumbi, akapiga ukelele wa msiba, ule mrefu wa wanawake wa kwetu, akimwita ndugu yake. Miaka yote hiyo alikuwa ameukalia. Nami nikashuka nikakaa kando yake, tukashikana, tukalia.

Jenereta likazimwa. Wakatoka, wote. Mafundi, wapanda bodaboda, askari wawili waliokuwa likizo, watu waliolipa kuja kucheka. Hakuna aliyeuliza. Kila mmoja wao alikuwa na mtu wake ambaye hakukaliwa matanga. Wakavua kofia, wakakaa chini kuzunguka jiko langu, wengine juu ya matairi ya fundi, na mzee mmoja akaanza wimbo wa kanisa kwa Kibari. Tulimkalia mume wangu bika pale pale ubavuni mwa kibanda cha video, mchana kweupe.

Nikakumbuka kwamba matanga ni chai. Nikainuka kuchukua birika, mkono mmoja ukanitangulia.

“Mfiwa hapana pika,” akasema Muganda. “Kaa, mama.”

Akapita kati ya watu akimiminia kila mmoja, vibaya, anamwaga, sukari kaizidisha. Alimpa wifi yangu kikombe kwa mikono miwili, akainama kidogo, naye wifi akapokea. Alipofika kwangu akachuchumaa, akaniwekea kikombe kiganjani, akaniuliza polepole mume wangu aliitwa nani.

Nikamwambia. Sauti yangu haikufika mbali, ilikuwa imekauka kwa kulia. Akasimama, akakohoa kusafisha koo, akalitaja jina la mume wangu mbele ya wote, vizuri, lote, jina la baba yake na la babu yake, watu wakaitikia.