Maji kwenye Ua wa Kasri

Mwaka 2015 nilikuwa nafanya kazi za ndani Jumeirah, Dubai, kwenye kasri la zamani la mtindo wa Wamori, Waislamu wa Hispania ya kale: matao ya nakshi, ua wa wazi katikati, na vigae vidogo vya rangi ambavyo marehemu bwana wa nyumba alivileta kutoka Moroko. Vigae vilikuwa vinabanduka. Madam, mjane wake, alitaka fundi wa kuvirudishia. Mwanawe, ambaye ndiye kafeel wangu, yaani mdhamini wa visa yangu, alitaka ving'olewe vyote na ua ufunikwe kwa vioo, uwe na baridi kama duka kubwa.

Asubuhi moja, mafundi walioitwa na mwanawe kung'oa vigae walipofika na mashine zao za umeme, madam aliniambia tu, "Osha ua."

Nilimwelewa. Nilifungua mpira wa bomba nikamwaga maji mpaka yakawafikia viatuni. Fundi gani atavuta waya wa umeme kwenye maji? Walikunywa chai yetu wakaondoka. Kesho yake walinikuta naosha tena.

Ndipo mwana akaja mwenyewe.

"Visa yako iko kwa nani?"

"Kwako, sir."

"Basi, khalas. Kausha huu ua sasa hivi."

Nilimtazama mama yake, aliyekaa chini ya tao akinywa kahawa kama hakusikia. Nikaingia jikoni, nikachukua kitambaa cha kufutia vikombe, nikapiga magoti kwenye kona ya mbali kabisa, na nikaanza kukausha kigae kimoja kimoja.