Kijiti cha Kwanza cha Korongo

Wajukuu wakiniuliza juu ya korongo wa bonde letu, nawaambia waende wakawaangalie wenyewe. Halafu nakumbuka kwamba hakuna tena wa kuangalia, na ninanyamaza. Lakini mimi si muntu wa kunyamaza, wote wanaonijua wanalijua hilo. Basi niseme.

Niliolewa kwenye kilima kimoja upande wa Ngungu, miaka ya hamsini ikianza, Wabeleji wakiwa bado na amri zao. Chini ya nyumba kulikuwa na bwawa la mafunjo, na ndani yake waliishi korongo wawili, dume na jike, hawakuzidi wawili hata siku moja. Ndege murefu, ananifika kifuani. Rangi yake nyeusi na nyeupe, magoti mekundu, mudomo mwekundu wenye mukanda mweusi katikati na kipande cha manjano juu. Wawili wale walifanana kwa kila kitu isipokuwa macho: ya jike yalikuwa ya manjano, ya dume meusi. Walitembea majini polepole, kama mama aliyechelewa misa lakini hataki kuonekana ana haraka. Mumoja akishika samaki alimuosha kwanza, akamumeza, kisha akanywa maji. Sauti hawana. Ndege mukubwa hivyo, bubu kabisa! Ila wakiwa kwenye kiota chao walikuwa wanagonganisha midomo, ka-ka-ka, na mulio ule ulipanda hadi uani kwetu.

Kazi ya kuwatazama nilipewa na mama mukwe. Kwetu kule, maharagi ya kilimani tulipanda kwa mvua, lakini yale ya bondeni, ya kiangazi, tulipanda kwa korongo. Siku wanapobeba kijiti cha kwanza kukipeleka juu ya muti wao kujenga kiota, maji yamekubali kushuka, nawe unachukua jembe. Kabla ya hapo hata katekista hakuthubutu. Mama mukwe aliwajua ndege wale tangu usichana wake, lakini macho yake yalikuwa yameingia ukungu, hakuona tena zaidi ya mukono wake. Mimi njo nikawa macho yake. Kila asubuhi nilishuka bondeni, na nikirudi aliniuliza, nikamwambia: bado.

Mwaka ule mihogo yetu iliugua. Tulibaki na kitunga kimoja tu cha mbegu ya maharagi, tumekitundika juu ya moshi. Na huko Kashebere alikuwa anatazamiwa muntu wa kuandika vijana waende kuchimba madini ndani ya pori la Walikale, mbali kupita Itebero. Bwana yangu aliniambia wazi, tukiwa tunakula, mama yake akisikia. Kama mbegu itakuwa imeshaingia udongoni kabla ya muntu yule kufika, yeye atabaki, kwa sababu shamba la bonde linataka mwanaume wa kufungua mifereji. Kama bado, ataenda, kwa sababu hawezi kukaa akitutazama tukila mbegu hadi iishe. Hakusema kwa hasira. Alikuwa mupole, na wapole njo wagumu kubadilisha.

Nilikuwa na mimba ya miezi mitano, na nilimupenda. Sina haya ya kulisema. Vijana waliokwenda pori lile, wengine walirudi wamevimba miguu, wengine hatukuwaona tena. Basi nilishuka bondeni roho juu kila asubuhi, na korongo wale waliosha samaki wao tu, bila haraka yoyote. Niliwatukana. Niliwarushia hata donge la udongo, wakasogea hatua mbili, wakaendelea.

Habari zikafika kwamba muntu wa kuandika amebakiza siku tatu. Asubuhi ile nilirudi nikamwambia mama mukwe: nimeona, dume amebeba kijiti. Alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo ya mboga. Mikono yake ilisimama. Aliniuliza ni muti gani, nikajibu ule ule wa siku zote. Akaendelea kuchambua, na jioni akasema basi, tupande.

Tulipanda siku mbili. Majirani walitushangaa, hakuna aliyetufuata. Bwana yangu alilima huku akiimba nyimbo za kanisa, na muntu wa Kashebere akaja, akaandika vijana wa vilima vingine, akapita. Nilijiona mushindi, mujinga mimi.

Kisha mvua ya mwisho ikashuka, siku nne mufululizo, na bwawa likapanda. Bwana yangu alichimba mifereji akiwa ndani ya maji hadi kiunoni. Maji yalipoondoka tulifukua maharagi yakiwa yameoza, yananuka. Hakunilaumu, angenilaumu vipi? Alisema korongo wamezeeka, wamepoteza akili. Maneno yale yaliniuma kuliko kupigwa. Wiki ileile niliwaona kwa macho yangu, dume na jike, wakibeba vijiti, na midomo ikaanza kugonga. Majirani wakapanda. Walitupatia viganja vichache vya kula, lakini mbegu ya kupanda hakuna nyumba iliyokuwa nayo ya kugawa.

Muntu wa kuandika alipopita mara ya pili, bwana yangu aliondoka naye, na mukeka, na bugali ndani ya jani la mugomba. Alimwambia mama yake atarudi kwa maharagi ya mwaka unaofuata. Mutoto wetu alizaliwa baba yake hayupo. Mutoto alipoanza kukaa, katekista alikuja na barua: udongo wa shimo ulimuangukia bwana yangu, wamemuzika huko huko.

Niliungama uongo wangu kwa padri, akanipa rozari za kusali. Kwa mama mukwe sikuweza. Tulikaa nyumba moja, tukala sahani moja, miaka sita.

Halafu ikaja amri ya kukausha bwawa. Wanaume walichimba mufereji mukubwa, mafunjo yakachomwa, muti ukakatwa. Korongo walisimama siku mbili kwenye tope, kisha wakaruka. Muchana ule tulikuwa uani, mama mukwe akaniuliza kama wamerudi. Nikasema hapana, hawatarudi, na palepale nikaanza kulia, nikamwambia yote.

Alinisikiliza hadi mwisho.

“Nilijua siku ile ile,” akasema. “Macho njo yalikufa, masikio hapana. Kijiti kikifika juu, wanagonga midomo. Siku ile nilisikiliza hadi jioni, hawakugonga.”

Nikamuuliza kwa nini basi alisema tupande.

“Alikuwa mutoto yangu,” akasema. “Na mimi nilitaka abaki.”

Nililaza kichwa kwenye mapaja yake nikalia, na yeye akalia, na mutoto akasimama mulangoni anatuangalia.