Mirija Arobaini ya Dada Tan

"Usile vitunguu vya yule wa ghorofa ya tano," Bibi Nie, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, aliniambia tulipokuwa tukianika soseji za majira ya baridi. "Anavipanda kwenye maboksi ya barafu ya kazini kwake. Na kazini kwake wanapika mbegu za wanaume."

"Wanapika, bibi?"

"Kwa mapipa! Endelea kula. Utazaa watatu kwa mpigo, na mimi silei."

Nilicheka, ila vitunguu vyenyewe nilikuwa nimeshavila. Dada Tan Yuezhen, ndiye huyo wa ghorofa ya tano, alinishushia kila wiki tangu nijifungue, pamoja na supu ya mbavu na mizizi ya yungiyungi. Hakuwahi kuomba kumbeba mtoto. Alimtazama tu, mikono nyuma, kama mtu aliye dukani bila nia ya kununua.

Jumatano asubuhi alinikuta napasha maziwa yangu niliyokuwa nimekamua na kugandisha. Mtoto alinywa nusu akalala. Nikaifunika ile nusu, nikafungua jokofu niirudishe kwenye barafu.

"Usirudishe!"

Alipiga kelele hata bakuli la supu likamponyoka. Mtoto akashtuka, akalia. Dada Tan akakaa palepale sakafuni, kati ya vipande vya mizizi, naye akalia.

"Yamwage, mdogo wangu. Kilichoyeyuka hakigandishwi tena."

"Ni maziwa tu, dada."

"Mimi yangu hayakuwa maziwa."

Ndipo akanieleza. Aliingia maabara kuosha chupa. Mwaka wa saba wakamkabidhi mirija. Hawapiki mbegu. Wanatengeneza protini moja tu ya mwanadamu, ile ambayo mbegu ya mwanamume huitumia kubisha hodi kwenye yai. Wanaikuza ndani ya vijidudu, wanaichuja, wanaigawa kwenye mirija midogo kama kucha ya mtoto, wanaigandisha. Madaktari huinunua ili wajue kwa nini wanaume wengine hawapati watoto.

"Kanuni ni moja. Ikiyeyuka, unatupa."

Mwaka juzi, wakati wa joto, alitoa mirija arobaini kwenye barafu ili aibandike lebo. Simu ikalia: mama yake ameanguka. Aliporudi mezani, yote ilikuwa maji.

"Nimekulia nyumba ambayo hata maji ya kuoshea mchele hayamwagwi," alisema. "Mkono ukakataa kutupa. Nikairudisha kwenye baridi. Kwa macho ilikuwa vilevile."

Ikapelekwa mji wa Changsha, kwa Daktari Ouyang, ambaye kwa miaka minne alikuwa akiwafuatilia wanaume sitini wasiopata watoto. Wengine walitoka vijijini wakiwadanganya majirani kwamba wanakwenda kutafuta kibarua. Daktari alidhani kuna kitu kwenye damu yao kinachoishika protini hiyo na kuizuia, lakini alipopima, protini ile haikushika kitu. Wiki mbili zilizopita daktari aliandika kuwashukuru: protini yenu ilikuwa nzuri, wazo langu ndilo lililokosea, nafunga utafiti, nawarudisha watu wangu makwao. Siku aliyoitaja ni Ijumaa hii.

"Ametushukuru," Dada Tan alisema. "Angenitukana ningelala."

"Mwambie basi."

"Nikimwambia, kazini wananifukuza. Nisipomwambia, wale sitini wanarudi nyumbani wakijua hakuna dawa wala wa kuitafuta." Akafuta pua kwa kiwiko. "Mimi miaka tisa nilinywa dawa za mama mkwe, chungu hizo, mdogo wangu, hata ulimi ulikufa ganzi. Mume wangu hakupimwa hata siku moja. Nilikuwa nani wa kumwambia mwanamume akapimwe? Akaniacha, akaoa, na kule pia hakuna mtoto. Na ni mimi, wa kwanza kujua uchungu huo, niliyeigandisha mirija ile mara ya pili."

Mambo ya maabara siyajui. Shule yangu iliishia darasa la sita. Niliyamwaga maziwa, nikaokota vigae, nikamwekea mtoto mapajani. Dada Tan hakumkataa. Mtoto akamshika kidole, akanyamaza.

Kwa mkono uliobaki akatoa simu mfukoni. Ujumbe ulikuwa tayari, mfupi, umeanza kwa jina la Daktari Ouyang. Nikasoma polepole: tarehe, mirija arobaini, kosa ni langu.

"Siku kumi na moja naandika nafuta," alisema, akininyooshea simu. "Kesho kutwa ni Ijumaa. Bonyeza wewe, mdogo wangu. Mimi mkono wangu naujua."