Saini Aliyomwekea Mumewe

Miaka kumi na tisa Fundi aliishi katika nyumba za kambini, safu ya mabati ikitazamana na safu nyingine ya mabati, na kila mumewe alipohamishwa alipanda nyuma ya lori la jeshi akiwa amekumbatia cherehani yake kama mtoto mchanga. Jina la Fundi lilitokana na cherehani hiyo. Hata mumewe alimwita hivyo. Yeye ndiye aliyembania sare alipokuwa mwembamba na kumwachia mishono alipoota kitambi. Yeye ndiye aliyemshonea tepe kila alipopanda cheo, ya kwanza, ya pili, hadi ya tatu.

Tepe ya tatu ilikuja na mwanamke mwingine. Ndoa ikafika mahakamani, ikaishia huko. Hakimu aliandika kwamba mume atakapostaafu, theluthi ya pensheni yake ya kila mwezi iende kwa mke aliyeachwa. Fundi aliikunja hukumu mara nne, akaiweka ndani ya kopo la vifungo, akakaa kuisubiri.

Alikuwa na sababu ya kuisubiri. Macho yake yalikuwa yanazimika polepole, na daktari alishamwambia kuwa ugonjwa wenyewe hauna miwani. Siku hizi wateja walimtungia uzi wenyewe.

"Fundi, mkono huu umekuwa mfupi kuliko mwenzake," mmoja alilalamika.

"Basi salimia watu kwa ule mrefu," alijibu, na mteja akacheka, lakini hakurudi tena. Theluthi ile ndiyo ingekuwa chakula chake siku macho yakifunga duka.

Aliposikia kwamba mtalaka wake amestaafu, alitoa hukumu koponi akaenda ofisi ya mafao ya askari. Alifuatana na mdogo wake wa kike, muuza nguo za mitumba, mwanamke mwenye mdomo usiojua foleni.

Karani alikuwa binti mpole, rika la watoto wa Fundi. Aliisoma hukumu, akafungua faili la kahawia, akairudia hukumu tangu juu.

"Mama, karatasi yako haina kasoro," alisema. "Ila inasema pensheni ya kila mwezi, na huyu baba hana pensheni ya kila mwezi. Alichagua kulipwa yote kwa mkupuo. Ameshalipwa."

"Kachagua lini?" mdogo mtu akadakia. "Baada ya kesi? Huo si ujanja huo?"

"Angechagua baada ya kesi tungembana, mama mdogo. Fomu hii ina miaka kumi na mmoja, na ukishachagua hubadilishi. Tazameni. Saini ya askari hii. Na hii ya mke, kwamba ameridhia."

Fundi aliisogeza karatasi mpaka ikakaribia kugusa pua. Saini ya askari ilimalizikia kwa mkia uliojizungusha mara mbili, kama uzi unavyofungwa fundo mwisho wa mshono. Hakuhitaji macho mazima kuutambua. Ulikuwa mkono wake mwenyewe.

Mwaka ule wanaume walikuwa mpakani, mwezi wao wa nane huko. Fomu zililetwa kambini Jumatano, zikatakiwa Ijumaa. Hakuna aliyeshtuka. Kila mke pale kambini aliijua saini ya mumewe. Asiyeijua alionekana mgeni nyumbani kwake. Walikaa barazani wakijaza haraka kabla maji hayajakatwa. "Weka alama hapo juu," mke wa dereva alisema, "wote tumeweka hapo juu." Mmoja akauliza mkupuo ndio nini. "Si hela? Zikija zitajieleza zenyewe." Wakacheka. Fundi aliweka alama, akaweka saini ya mumewe, kisha ya kwake, akawahi foleni ya bombani.

"Sema si yake," mdogo wake alimnong'oneza.

"Si yake," Fundi alisema.

Karani aliinua kalamu. "Kwa hiyo imeghushiwa?"

Neno lile lilikaa mezani katikati yao. Fundi hakuwahi kuliita hivyo jambo lile; aliliita kumsaidia mume.

"Ikiwa imeghushiwa, anapata haki yake?" mdogo mtu akauliza. "Au arudi kwa hakimu?"

"Anaweza kurudi. Ila hakimu ataliita faili hili, na atataka kujua nani aliandika. Aliyeandika atashtakiwa, na sheria haimpi mtu faida kwa alichoghushi mwenyewe." Alimtazama Fundi, akaelewa. Taratibu akaiweka kalamu chini. "Mimi sijasikia kitu, mama."

Fundi alitoka nje akampigia simu mtalaka wake. Walikuwa hawajazungumza tangu kesi.

"Ulichagua mkupuo," alimwambia.

"Mimi? Mimi nilijua nitalipwa kila mwezi mpaka nife. Nilipoambiwa zimeingia zote nikadhani wamekosea. Nani alijaza ile fomu?"

"Mimi. Ulikuwa mpakani."

Alimsikia akivuta pumzi. "Unajua ofisini walinikatalia saini? Walisema ya kwangu haifanani na iliyoko kwenye faili. Nilikaa siku mbili naiiga ya kwako, Fundi." Alicheka kidogo, kicheko kikafa chenyewe.

"Zimebaki?"

"Nilinunua lori. Liko juu ya mawe, injini imekufa. Huyu mwenzangu naye ameshafunga mizigo. Ningekuwa nazo ningekupa."

Fundi alitamani awe anadanganya, apate mtu wa kumchukia. Lakini aliishi naye miaka kumi na tisa, na sauti hiyo aliijua kama alivyoijua saini yake.

Alirudi ndani. Karani alikuwa amemwandalia karatasi moja.

"Ni ya kuonyesha kwamba umehudumiwa, mama. Weka saini hapo chini."

Mkono wa Fundi uliinuka wenyewe, kama zamani, kisha ukasita hewani.

"Nisomee kwanza," alimwambia mdogo wake. "Yote."

Mdogo wake alisoma, na safari hii hakuongeza neno lake hata moja. Karatasi ilisema mwombaji ameelezwa, ameelewa, hana dai lolote, na jalada limefungwa. Ilikuwa fupi. Ile ya barazani nayo pengine ilikuwa fupi vilevile.

"Nisipoweka saini?" Fundi aliuliza.

"Litafungwa hivyohivyo, mama."

"Mstari uko wapi?"

Karani alimshika kidole, akakiweka penye mstari. Fundi aliandika jina lake polepole, bila mkia.